Wasilisho la kuombea mtaji husomwa wewe haupo

Faili lililoingia kwenye simu yangu lilikuwa na kurasa 34 na uzito wa megabaiti 41. Nilikuwa kwenye daladala, Ubungo, foleni haisogei. Aliyelituma ni binti mmoja anayelelewa katika kituo chetu atamizi, yaani kituo cha kulea kampuni changa, na alikuwa ameshanipigia tangu asubuhi: "Shikamoo mwalimu. Naomba unipitishie macho, mwekezaji analitaka leo saa kumi." Nikamwitikia, nikaanza kupakua. Bando likakata katikati. Nilipoweka jingine na faili kufunguka, ukurasa wa kwanza ulikuwa na nembo, wa pili dira, wa tatu dhima, wa nne ramani ya Afrika inayomeremeta taa. Nilifika ukurasa wa 9 ndipo nikajua kampuni inafanya nini: inakodisha madeli yenye barafu kwa wachuuzi wa samaki.

Wazo zuri. Tatizo ni kwamba mwekezaji asingefika ukurasa wa 9. (Nimebadilisha aina ya biashara ili mwenyewe asitambulike, na hesabu zake nitakazotumia hapa ni za mfano. Makosa ndiyo ya kweli, na ninayaona karibu kila wiki.)

Vijana huliita wasilisho hili "deki". Kwa sisi tuliopigishwa deki sakafu kila Jumamosi, neno hilo linachekesha kidogo, lakini silikatai. Kazi yake kubwa ni kufagia na kupangusa, mapambo yanakuja baadaye sana.

Mwaka 2015 kampuni ya DocSend, ambayo watu huitumia kutuma nyaraka na kuona zimesomwa kwa muda gani, ilishirikiana na Profesa Tom Eisenmann wa Harvard Business School kuchunguza mawasilisho ya kampuni changa 200. Kwa wastani, mwekezaji alitumia dakika 3 na sekunde 44 kwa wasilisho zima. Ukurasa uliotazamwa kwa muda mrefu kuliko zote ulikuwa wa hesabu za fedha, sekunde 23 hivi, ukifuatiwa kwa karibu na wa timu. Muda huo hautoshi hata kumaliza kikombe cha chai ya moto. Na ndani ya dakika hizo wewe haupo. Aliyepokea faili mara nyingi si mwenye neno la mwisho. Akilipenda atawarushia wenzake, na huko hakuna wa kusema "hapa nilikuwa namaanisha hivi".

Ndiyo maana tunawashauri wabunifu wawe na matoleo mawili. La kutuma liwe na maneno ya kutosha kujieleza lenyewe. La kusimama nalo mbele ya watu liwe na maneno machache, kwa sababu mdomo wako upo. Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani, ana kanuni yake maarufu kwa hili la pili: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua ukubwa wa 30. Unaweza kuwa na 12, dunia haitaanguka. Lakini anayekuja na 34 hajaamua bado anachotaka kusema.

Sentensi ya kwanza

Ukurasa wa kwanza wa yule binti ulisema: "Tunaleta mapinduzi katika mnyororo wa thamani wa uchumi wa buluu kupitia suluhisho jumuishi za ubaridi." Nilimwomba amsomee sentensi hiyo mama anayekaanga samaki jirani na kwao, kisha amuulize kampuni inafanya nini. Mama alijibu kwamba labda wanauza mafriji. Tukaandika upya: "Tunakodisha madeli yenye barafu kwa wachuuzi wa samaki Dar es Salaam, kwa shilingi 2,000 kwa siku." Hapo kuna bidhaa, mteja, mahali na bei, na bado msomaji hajafungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa tatizo nao ulikuwa na takwimu za kimataifa za chakula kinachopotea. Tulizitoa zote. Badala yake akaeleza siku moja ya mchuuzi: ananunua ndoo ya samaki mnadani Feri alfajiri, anazunguka nayo mitaani, na ikifika saa nane mchana waliobaki macho yameshazama na nyama imelegea. Hao anawauza kwa bei ya kutupa. Ndoo ya shilingi 60,000 inamrudisha nyumbani na hasara ya 9,000. Mwekezaji aliyekulia Nairobi au London anaelewa hilo bila kuongezewa neno.

Soko halihesabiwi kutoka angani

Hapa ndipo mawasilisho mengi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Kijana huichukua namba hiyo, akasema kila mtu anakula, hivyo "tukipata asilimia 1 tu ya soko" tutakuwa na wateja zaidi ya laki sita. Mwekezaji ameisoma asilimia 1 hiyo mara nyingi kuliko alivyosoma jina lako. Haimwambii chochote kuhusu utakavyompata mteja wa kwanza, sembuse wa laki sita.

Hesabu inayoaminika inaanzia chini. Tuseme umeamka alfajiri kwa wiki mbili, umekwenda Feri, Msasani na Kunduchi, umehesabu wachuuzi wanaoondoka na ndoo kichwani au kwenye baiskeli, ukapata 600 wanaorudi karibu kila siku. Kila mmoja akikodi deli kwa shilingi 2,000, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni shilingi milioni 31.2 kwa mwezi, au milioni 374.4 kwa mwaka. Ni namba ndogo ukilinganisha na matrilioni ya kwenye ramani inayomeremeta. Lakini ni yako, na ukiulizwa umeipata wapi unatoa daftari. Kisha unaongeza mstari wa pili: baada ya Dar es Salaam tunakwenda Tanga, halafu Mwaloni Kirumba kule Mwanza, na huko nako utahesabu. Mwekezaji akiona jinsi unavyohesabu soko dogo, atakuamini unapozungumzia kubwa.

Usiandike kwamba huna mshindani. Mshindani wa deli ni gunia lililoloweshwa maji. Ni mfuko wa barafu wa shilingi mia kadhaa. Na aliye mgumu kuliko wote ni mazoea ya mchuuzi ambaye ameshaikubali ile hasara ya 9,000 kama sehemu ya kazi.

Ushahidi, na fedha ambazo si zako

Wateja 40 wanaolipa wana uzito kuliko watu 4,000 waliobonyeza "nimeipenda". Kwa bahati nzuri, malipo yetu mengi siku hizi hupita kwenye simu, na taarifa ya miezi sita ya Lipa Namba ni ushahidi ambao vizazi vilivyopita vya wafanyabiashara havikuwa nao. Chora grafu moja ya mauzo kwa mwezi. Kama Februari yalishuka, acha yashuke na uandike pembeni kwa nini: bahari ilichafuka, boti hazikutoka. Kisha ongeza namba ambayo wengi huisahau, ya wanaorudi. "Wateja 40, kati yao 31 wamekodi zaidi ya mara kumi" ni sentensi inayomfanya mtu aache kuperuzi.

Ila msibandike picha za meseji za malipo zenye majina na namba za simu za wateja. Nimeziona kwenye mawasilisho yaliyotumwa kwa watu ishirini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikumsamehe mtu kwa sababu kampuni yake bado changa, na mwekezaji makini atajiuliza utazitunzaje taarifa za wateja elfu kumi.

Kosa jingine huwapata hasa wenye biashara za kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi. Kupitia kwenu zimeuzwa bidhaa za shilingi milioni 50, mnaandika mapato milioni 50. Kama mnachukua kamisheni ya asilimia 10, mapato yenu ni milioni 5. Milioni 45 ni za watu, zimepita tu mkononi. Andika namba zote mbili, kila moja na jina lake. Mwekezaji akigundua mwenyewe, atarudi kuzitilia shaka namba nyingine zote, hata zile za kweli.

Kwa binti wetu hesabu ya deli moja ilitosha kujaza ukurasa mzima. Deli linagharimu shilingi 180,000. Likikodishwa kwa 2,000 na barafu ya siku ikala 800, linabakiza 1,200 kwa siku ya kazi. Siku 150 limejilipa, yaani chini ya miezi sita. Gharama za usafiri na deli kupasuka zikaandikwa chini yake kwa herufi zile zile, bila kupunguzwa ukubwa.

Unaomba nini hasa?

Ukurasa wa ombi katika toleo la kwanza ulisema "Karibu tushirikiane". Nilicheka peke yangu ndani ya daladala. Kutaja kiasi cha fedha kunatutia aibu, tumelelewa hivyo, lakini mwekezaji asiyejua unataka shilingi ngapi hana cha kukataa wala kukubali.

Wasilisho la awali la Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi kupitia mtandao, enzi hizo wakijiita AirBed&Breakfast, limezagaa mtandaoni na ombi lao linafaa kuangaliwa. Waliomba dola 500,000 za kuwafikisha miezi 12, na wakasema fedha hizo zitazaa nini: safari 80,000, wastani wa ada dola 25, mapato dola milioni 2. Mistari michache tu. Kiasi, muda, na mahali watakapokuwa muda huo ukiisha.

Sisi tukaandika hivi: tunaomba shilingi milioni 60. Milioni 36 ni madeli 200, milioni 9 ni guta la kusambazia barafu, milioni 15 ni mishahara na dharura. Ndani ya miezi 12 tutatoka wateja 40 hadi 240, mapato ya mwezi yatoke milioni 2.08 hadi milioni 12.48.

Linabaki swali la hisa. Ukitoa asilimia 12 kwa milioni 60, umesema kampuni ina thamani ya milioni 500 baada ya fedha kuingia, na milioni 440 kabla. Ukitoa asilimia 40 kwa fedha hizo hizo, umesema thamani yake ni milioni 150. Wengi hukubali asilimia 40 kwa sababu milioni 60 zinaonekana nyingi siku hiyo. Wakija wawekezaji wa pili na wa tatu, kila mmoja na kipande chake, mwanzilishi anabaki mwajiriwa katika kampuni aliyoianzisha, na wawekezaji wapya wenyewe hawapendi kuweka fedha kwa mtu ambaye hana tena sababu ya kukesha. Mazungumzo ya thamani mara nyingi hufanyika ana kwa ana, kwa hiyo si lazima asilimia iwe kwenye faili. Lazima iwe kichwani. Na kabla ya yote pitia taarifa za kampuni yako BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni: yule rafiki wa chuo mliyeanza naye, akaondoka miaka mitatu iliyopita, huenda bado anamiliki asilimia 30 kwenye makaratasi. Wakili wa mwekezaji atamkuta.

Timu nitaipita haraka. Picha za suti na orodha ya shahada hazina madhara, lakini mstari uliokuwa umefichwa kabisa ni kwamba mama yake binti huyu ameuza samaki Feri tangu yeye akiwa shule ya msingi. Tuliupandisha juu.

Kuhusu muonekano, hifadhi faili kwa PDF ili herufi zisihamehame, lisizidi megabaiti 5, na lipe jina la kampuni na mwezi, siyo "deki final mpya 3". Kisha lifungue kwenye simu ya bei ya chini, ukiwa umesimama juani. Usichoweza kusoma hapo, mwekezaji hatakisoma akiwa uwanja wa ndege. Kichwa cha kila ukurasa kiwe sentensi kamili: badala ya "Mauzo", andika "Mauzo yameongezeka mara tatu tangu Machi". Anayesoma vichwa tu, na wapo wengi, apate hadithi nzima.

Toleo jipya lilikuwa na kurasa 11. Lilitumwa saa kumi kasoro dakika tano, na jibu lilikuwa hapana.

Juni 2008 waanzilishi wa Airbnb waliunganishwa na wawekezaji saba wakitafuta dola 150,000 kwa asilimia 10 ya kampuni. Watano walikataa kwa barua pepe, wawili hawakujibu kabisa. Kukataliwa ni sehemu ya kazi hii, ila jibu la hapana lina taarifa ndani yake ukijua kuliuliza. Nilimwambia binti asiombe kufikiriwa upya, wala asitume maelezo marefu ya kujitetea. Amshukuru, kisha aulize swali moja: ni ukurasa gani ulikufanya usite? Jibu lilikuja usiku huo huo, neno moja na namba: "Ushindani, 7." Kesho yake alfajiri alikuwa Feri na daftari, akiwauliza wachuuzi wanalipa shilingi ngapi kwa lile gunia.