Homa ya Bonde la Ufa: mbona ng'ombe ana chanjo na mimi sina?

Mvua ikizidi huku Nakuru, watu wa kondoo na mbuzi wanaanza kuniuliza maneno ya huu ugonjwa. Haya ndio maswali naulizwa sana.

Ati ulianzia hapa kwetu, ni ukweli?
Eeh, si porojo. Ulitambuliwa mara ya kwanza huko karibu na ziwa Naivasha, wanakondoo wanakufa ovyo na kondoo wakubwa wanatupa mimba, ripoti ikatoka 1931. Saa hii umefika mpaka Misri na Saudia.

Mtu anaupata aje?
Mbu wanaambukiza, lakini watu wengi hujiletea na mikono yao. Kondoo ametupa mimba usiku, kondo la nyuma limekwama, mtu anaingiza mkono mtupu anavuta, damu na maji mpaka kwa kiwiko, halafu anapangusia suruali anaenda kunywa chai. Ama ng'ombe mgonjwa anachinjwa haraka haraka ndio asife bure. Maziwa mabichi pia, chemsha. Kuambukizana mtu kwa mtu bado haijaonekana.

Dalili huanza baada ya siku 2 mpaka 6, homa na maumivu ya mwili, na wengi wanapona tu. Wachache unaingia macho, ubongo ama wanaanza kutoka damu. Ule mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 hapa Kenya, wengi kule kaskazini mashariki.

Si chanjo ya mifugo iko, wachanje tu?
Iko, ya zamani, inaitwa Smithburn. Virusi vilitolewa kwa mbu Uganda 1944 vikapitishwa kwa ubongo wa panya mara nyingi mpaka vikaisha makali, na hapa kwetu KEVEVAPI, kiwanda cha serikali cha chanjo za mifugo, ndio wanatengeneza. Inakinga vizuri sana, shida ni kwamba virusi vyenyewe viko hai, mnyama mwenye mimba anaweza kuitupa ama azae ndama mlemavu. Sasa niambie mfugaji gani wa Njoro ataleta kundi lake na nusu yao wana mimba? Ile ya virusi vilivyouliwa haina hiyo shida lakini lazima urudie rudie sindano, na ukishamleta ng'ombe mara moja kumrudisha tena ni kazi.

Ugonjwa ukishaingia, tukimbie kuchanja?
Hapana! Sindano ikitoka kwa mnyama mwenye virusi iingie kwa mwenzake, wewe ndio unausambaza. Kuna mbu mayai yao hukaa kwa udongo mkavu miaka mingi yakiwa tayari na virusi, mafuriko yakija yanaanguliwa na shughuli inaanza. Kwa hivyo chanjo ni ya kabla ya mvua, wakati kumekauka na hakuna mtu anaufikiria huu ugonjwa, na kwa maoni yangu hapo ndio pagumu kuliko hata maabara, juu mlipuko ukikawia miaka kumi nani atanunua dozi, na kiwanda kitatengeneza za kukaa kwa friji mpaka zipitwe na tarehe?

Na ya binadamu?
Bado hakuna iliyoidhinishwa. Ile naifuatilia mimi ni ChAdOx1 RVF, ya Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na mwanasayansi wetu George Warimwe wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya huko Kilifi. Wamechukua virusi vya mafua vya sokwe, wakaviondolea uwezo wa kuzaana, wakaviwekea kipande cha jeni cha virusi vya hii homa, mwili unajifunza kukitambua bila kuugua. Ni teknolojia ile ile ya chanjo ya Korona ya AstraZeneca. Utamu wake ni kwamba chanjo ni moja kwa mtu na kwa mnyama, na kondoo na mbuzi wenye mimba walipojaribiwa haikuwadhuru. Kwa watu bado iko kwa majaribio.

Leo nimepata mbuzi ametupa mimba, nifanye?
Vaa glavu, ukikosa hata karatasi nzito ya plastiki, zika hiyo kitu ndani kabisa mbwa wasifukue, uite daktari wa mifugo. Usichinje wala kupeleka soko. Na ukishikwa na homa wiki hiyo, ukifika hospitali sema ulishika mnyama, la sivyo utapimwa malaria, ikose, urudishwe nyumbani na Panadol.