Megapikseli Hazitakuonyesha Mshtarii

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwalimu wa fizikia kutoka Kongwa, mzazi aliyemnunulia mwanawe darubini: salamu ikiisha tu, swali ni lile lile. "Fundi, nataka kamera ya kompyuta (webcam) ya kufunga kwenye darubini. Ya 4K unayo?" Nikimwonyesha ndogo ya bei nafuu anadhani namdharau. Nimechoka kueleza hili mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Tupige hesabu. Chukua darubini ya kioo ya milimita 114 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi taswira inapokusanyika) wa milimita 900, ambayo wanaoanza wengi wanayo. Sayari ya Mshtarii (Jupita) ikiwa karibu nasi huonekana na upana wa takriban sekunde 45 za tao; sekunde moja ya tao ni nyuzi moja iliyogawanywa mara 3,600. Taswira yake ikiangukia kwenye kihisi cha kamera, kile kidude kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 0.2 tu. Kamera yenye pikseli za mikromita 2.8 inaipa sayari hiyo pikseli 70 hivi kwa upana. Fremu ya 4K ina pikseli 3,840. Hizo nyingine zote umezilipia zipige picha ya giza.

Wala usidhani pikseli ndogo zaidi zitaongeza undani bila kikomo. Kioo cha milimita 114 kinaishia kwenye takriban sekunde moja ya tao. Vitu vilivyokaribiana kuliko hapo hakiwezi kuvitenganisha. Kikomo hicho kimewekwa na upana wa kioo. Kamera haina uwezo wa kurekodi kitu ambacho kioo hakikukileta.

Halafu kuna kasi, na hapa ndipo 4K inapokuumiza kabisa. Sayari haipigwi picha moja moja. Unarekodi video, programu kama AutoStakkert inazipima fremu, inazitupa zilizotikiswa na hewa na kuzilundika zilizotulia ziwe picha moja, kisha unainoa kwenye RegiStax. Unahitaji fremu nyingi, tena safi, na muda wenyewe ni mfupi. Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10, kwa hiyo ukirekodi zaidi ya dakika mbili tatu alama za usoni mwake zinaanza kufutika. Sasa angalia waya wa USB 2.0. Video isiyobanwa ya 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, inataka megabaiti 18 hivi kila sekunde, na inapita. Ya 1280 kwa 720 kwa kasi hiyo hiyo inataka karibu 55, na haipiti. Kamera inaamua yenyewe: ipunguze fremu au ibane video. Kubana kunafuta vile vitu vidogo ulivyokuwa unavitafuta, kunakuachia vipande vya mraba.

Wengine hunijibu, "Basi nitaishusha iwe 640." Kamera nyingi za aina hii ukizishusha zinasinyaza fremu nzima, hazikati kipande cha katikati tu, na Mshtarii nayo inasinyaa. Dawa ni lenzi ya Barlow, inayokuza taswira mara mbili au tatu kabla haijafika kwenye kihisi. Fedha uliyotaka kuongeza kwenye 4K, inunulie Barlow nzuri.

Kwenye kamera yenyewe, nakuomba uangalie vitu hivi: lenzi ya mbele iwe inafunguka ili kihisi kibaki wazi, fokasi isiwe ya kujiendesha, na mwanga uweze kuurekebisha kwa mkono ndani ya programu kama SharpCap. Logitech C270 ni mfano mzuri. Philips SPC900NC ya zamani ni nzuri pia, ingawa haitengenezwi tena. Ukiikuta kwenye mtumba, ichomeke kwanza kwenye kompyuta yako uone kama inatambuliwa, ndipo ulipe. Kikopo cha plastiki cha filamu ya milimita 35 kinaingia kwenye tundu la inchi 1.25 la darubini, na mafundi wa kujitegemea wamekitumia miaka mingi kama kiunganishi. Rangi zikigeuka nyekundu baada ya kutoa lenzi, umeng'oa pamoja nayo kichujio cha infraredi, tafuta kingine. Na tafadhali usifungue kamera nje. Vumbi letu la Dodoma likitua kwenye kihisi, utaliona kwenye kila picha ya Mwezi.

"Mjini kuna taa nyingi, lazima niende Bahi." Kwa Mwezi na sayari huna haja, ziking'aa vile taa za mtaani kama Area D hazizisumbui. Kinachoharibu ni joto linalopanda kutoka kwenye mabati na lami baada ya jua kuzama. Subiri usiku uingie, toa darubini nje mapema ipoe, jikinge na upepo. Tena sisi tuna bahati kubwa: tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kila sayari kubwa ikifika kileleni huwa juu sana, takriban nyuzi 60 au zaidi kutoka upeo wa macho, ambako hewa ya kupenya ni chache. Wapiga picha wa Uingereza kuna miaka wanaifuata Zohali (Saturn) ikiwa chini kabisa, karibu na mapaa.

"Nikishaipata nitapiga galaksi." Hapana. Kamera hizi hufungua kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na galaksi inataka dakika nyingi pamoja na mguu wenye mota wa kuifuata angani. Hiyo ni kazi ya DSLR, zile kamera kubwa za wapiga picha.

La mwisho ni jua, na hapa sibembelezi mtu. Vile vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, na jicho likiungua halirudi. Kichujio cha jua kinafunika mdomo wote wa darubini mbele, kimekazwa upepo usikiondoe. Kama huna, darubini isielekee huko, hata kwa kamera tu.