Uwezo wa Ukumbi Si Namba Moja
Wengi wanaosajili kumbi katika programu ya kuhifadhi nafasi huamini kwamba kila ukumbi una idadi moja tu ya watu, na kwamba idadi hiyo ikishaandikwa kazi imekwisha. Sivyo. Ukumbi unaochukua watu 200 walioketi kwenye safu za viti hauwezi kuchukua idadi hiyohiyo zinapowekwa meza za duara, kwa kuwa meza na njia za kupitia baina yake hula eneo kubwa; kwa hiyo kila mpangilio uandikiwe idadi yake, na usiwepo hata mmoja unaozidi kikomo cha usalama dhidi ya moto, ambacho huhesabu kila aliyemo ndani, wakiwamo wahudumu.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, hutokea pale ukumbi unapogawanyika kwa ukuta wa kukunja. Nusu zake zikisajiliwa bila kuunganishwa na ukumbi mzima, programu itapokea harusi katika ukumbi wote na semina katika nusu yake, saa ileile. Ziunganishwe, ili ukumbi mzima ukihifadhiwa nusu zote zifungwe, na nusu moja ikihifadhiwa ukumbi mzima usipatikane. Muda wa kupanga na kusafisha nao uzuiwe kwenye kalenda.