Samaki jiwe na ndugu zake wenye sumu: maswali na majibu kwa watu wa pwani ya Dar

Bamvua likifika na maji yakapwa sana, miamba ya Kunduchi, Msasani na Kigamboni hubaki wazi. Watu huteremka na vijiti na ndoo kutafuta pweza na kombe, na watoto hufuata nyuma. Hapo ndipo mguu hukutana na samaki ambaye hakuna aliyemwona.

Samaki jiwe yukoje? Mbona mimi nimekulia baharini na sijawahi kumwona?

Huenda umempita mara nyingi tu. Ni samaki mnene asiye na magamba, ngozi yake ina vinundu na mara nyingi imeota mwani. Hujizika nusu mchangani au hujibana kwenye ufa wa mwamba, na anaweza kufikia sentimita 40. Ukimkaribia hakimbii. Anangoja samaki mdogo au kamba apite, kisha anamfyonza kwa kufumba na kufumbua.

Sumu si ya kuwindia, ni ya kujilinda. Ana miiba 13 mgongoni, mitatu chini karibu na mkia, na miwili kwenye mapezi ya tumboni. Kila mwiba una vifuko vya sumu ubavuni. Mguu ukimkandamiza, ngozi iliyofunika mwiba husukumwa chini, vifuko hubanwa, na sumu hupanda kwenye vijifereji vya mwiba mpaka ndani ya nyama yako. Ndiyo maana aliyekanyaga kwa uzito wote huumia kuliko aliyegusa kidogo.

Ndugu yake, samaki simba, hajifichi hivyo. Ana milia na mapezi marefu kama manyoya, na huonekana akielea taratibu kwenye matumbawe. Hamfuati mtu, lakini ukimshika, miiba yake nayo inachoma vibaya, ingawa sumu yake si kali kama ya samaki jiwe.

Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alichomwa mguuni akiwa mwambani, akapiga kelele mpaka akataka kuzimia. Tulichanganyikiwa. Tulipaswa kuanza na nini?

Marahaba. Kwanza, mtoeni majini. Maumivu haya hupanda haraka sana, na mtu anaweza kuishiwa nguvu akazama hata kwenye maji ya magotini.

Akishafika nchi kavu, tafuteni maji ya moto. Ufukweni hayako mbali: mama lishe ana sufuria jikoni, muuza chai ana chupa yake, na mashua nyingi huondoka na chai. Changanyeni na maji baridi kwenye beseni mpaka yawe ya moto ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia, yaani karibu nyuzi 45 na yasizidi hapo. Ayapime mtu mwingine kwa mkono wake, au mgonjwa mwenyewe kwa mguu usioumia, kwa sababu mguu uliochomwa hauwezi tena kutofautisha moto na maumivu. Nimewahi kuona sumu ikitulia na mgonjwa akabaki na malengelenge ya kuungua, na hilo linazuilika kabisa. Tumbukizeni mguu dakika 30 hadi 90, mkiongeza maji ya moto yanapopoa. Mguu utoke kwanza, muongeze, mpime, ndipo urudi.

Sumu hii ni protini, na joto huiharibu kama ute wa yai unavyobadilika kikaangoni. Maji hayo hayo ya moto husaidia pia kwa aliyechomwa na taa, ngogo au tasi.

Nyumbani tuliambiwa tumkojolee, wengine wakasema mafuta ya taa au barafu. Na kufunga kamba je?

Hapana kwa yote. Mkojo hauna joto la kutosha, mafuta ya taa huunguza ngozi, na barafu ni kinyume cha kinachohitajika. Kamba ni hatari zaidi, maana hubakiza sumu mahali pamoja na kukata damu kwenye nyama ambayo tayari imeumia. Msichanje kwa wembe, na msinyonye kwa mdomo.

Lini twende hospitali?

Kama mnadhani ni samaki jiwe, nendeni hata maumivu yakipungua. Akiwa anahema kwa shida, jasho linamtoka, anatapika, anazimia au mguu umevimba kupanda juu, msingoje dakika 90 ziishe. Mlazeni na muondoke. Dawa maalumu ya kuzima sumu ya samaki jiwe ipo, imetengenezwa Australia tangu 1959, lakini haipatikani kila mahali. Daktari ana mengine ya kufanya: ganzi kwenye jeraha, picha ya eksirei kutafuta kipande cha mwiba, na sindano ya pepopunda. Siku zinazofuata, jeraha likianza kutoa usaha au homa ikipanda, rudini.

Mimi ni mpara samaki pale Feri. Samaki akishakufa, sumu si imekwisha?

Haijaisha. Mwiba wa samaki aliyekufa karibuni bado una sumu, hata akiwa ametoka kwenye barafu. Kata miiba kwa mkasi mnene kabla hujaanza kupara, vaa glavu nene, na usitupe miiba mahali wenzako wanapopita peku.

Nyama yake inalika?

Inalika. Sumu iko kwenye miiba, na moto wa jikoni huiharibu.

Nivae nini nikienda mwambani?

Kandambili hazitoshi. Vaa raba ya soli nene au buti za mpira, ukijua kwamba mwiba wa samaki jiwe unaweza kupenya soli nyembamba. Tembea polepole, gonga mbele yako kwa kijiti, na usigeuze jiwe wala kuingiza mkono pangoni kumtafuta pweza bila kuchungulia na kuchokoa kwanza. Mtoto aliye peku abaki kwenye mchanga mweupe. Na chomboni pakieni chupa moja ya maji ya moto, mbali na ile ya chai.