Kima cha Chini cha Mshahara Hakifuti Kazi kwa Namna Mnavyodhani

Kila mwaka Leba Dei inapokaribia, waajiri wanaonialika kuwashauri kuhusu mishahara hunirudia na hoja ileile: serikali ikipandisha kima cha chini, vibarua watafutwa, na kwa hiyo anayewadaia nyongeza anawaumiza. Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria hapa Nairobi niliisikia mara tatu kabla ya chai ya saa nne, na kila aliyeitamka aliitamka kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Hoja hiyo inategemea sharti ambalo wanaoirudia hawalitaji, kwamba waajiri hushindana vikali kiasi kwamba atakayepunguza ujira kidogo tu atahamwa na wafanyakazi wote. Simama alfajiri kwenye njia zinazotoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kuingia Eneo la Viwanda, uwatazame wanaokwenda kazini kwa miguu kwa sababu nauli ya matatu ingeumega mno ujira wao. Mtu huyo hachagui kati ya waajiri wote wa Nairobi. Anachagua kati ya wachache ambao miguu yake inaweza kuwafikia, nao wanalijua hilo. Nguvu hiyo ya mwajiri, ambayo mwanauchumi Joan Robinson aliichambua mwaka 1933, ni ukiritimba wa mnunuzi, mnunuzi hapa akiwa mwajiri anayenunua kazi bila washindani wengi.

Tuseme kiwanda kina vibarua kumi wanaolipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na wa kumi na moja hakubali chini ya 16,000. Kwa kuwa mwenye kiwanda hawezi kumlipa mgeni kuliko wenyeji, kibarua huyo mmoja atamgharimu 16,000 pamoja na nyongeza ya 1,000 kwa kila mmoja wa wale kumi, yaani 26,000. Ikiwa kazi yake humletea zaidi ya 16,000 lakini chini ya 26,000, anaiacha nafasi wazi. Sheria ikiweka kima cha 16,000, nyongeza ya wale kumi inakuwa ya lazima awe ameajiri au hajaajiri, na wa kumi na moja sasa anamgharimu 16,000 tu. Ujira umepanda, na nafasi ikajazwa.

Wanauchumi David Card na Alan Krueger walilipima jambo hili katika migahawa ya vyakula vya haraka nchini Marekani, baada ya jimbo la New Jersey kupandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mnamo Aprili 1992. Waliilinganisha na migahawa ya mashariki ya Pennsylvania, ambako kima hakikubadilika, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1994 hawakuona ajira ikipungua. Matokeo hayo yalibishaniwa kwa miaka mingi, na Card alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2021.

Sisemi kwamba kima kipandishwe bila kikomo. Kiwanda changu cha mfano kikilazimishwa kulipa 40,000, kitapunguza watu. Hapa Kenya, watafiti Andalón na Pagés, wakitumia takwimu za 1998/99, waligundua kuwa nje ya kilimo kima kikubwa kiliendana na ujira bora kwa wanawake na wenye elimu ndogo, lakini pia na sehemu ndogo zaidi ya wafanyakazi katika sekta rasmi, na sehemu kubwa zaidi ya waliojiajiri. Hayo ni maswali ya kiasi na ya utekelezaji, na ndiyo ningependa kuulizwa. Utekelezaji wenyewe huniudhi: agizo la serikali la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi bila marupurupu ya nyumba, ambayo ni asilimia 15 ya ziada, ilhali nakutana na waajiri wanaoyahesabu ndani ya kima hicho. Lisome agizo kabla ya kutia sahihi mkataba.

Wengine hudai kwamba tofauti ya mishahara ni tofauti ya vyeti tu. Watafiti Abowd, Kramarz na Margolis, kwa takwimu za Ufaransa, walionyesha mwaka 1999 kwamba kampuni nyingine hulipa zaidi kuliko nyingine hata kwa wafanyakazi wanaofanana.

Kuhusu ukosefu wa ajira, kiwango cha chini kinachotangazwa si lazima kiwe uongo. Kwa vipimo vya kimataifa, aliyeuza mayai ya kuchemsha kwa saa moja katika wiki ya uchunguzi ana kazi. Swali la kuuliza ni saa ngapi alifanya kazi na alipata nini.

Na wastani wa mshahara, tafadhali, usichukuliwe kuwa mshahara wa mtu wa kawaida. Mkurugenzi mmoja wa 1,000,000 na vibarua tisa wa 16,000 wana wastani wa 114,400. Wapange kwa safu kuanzia wa chini, umwangalie aliye katikati: anapata 16,000.