Ukanda wa zamani wa kunolea wembe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukanda wa ngozi uliosahaulika miaka mingi hutoka stoo ukiwa mkavu, mweusi katikati na kingo zimejikunja. Hapo kila mtu huwa fundi, na ushauri wake mwingi huua ukanda ambao ulikuwa unatengenezeka.

"Ngozi kavu inywe mafuta hadi ishibe." Hii ndiyo dhana iliyoharibu kanda nyingi kuliko panya. Ngozi iliyoshiba mafuta hulegea. Wembe ukipita juu yake hudidimia, na ngozi inayoinuka nyuma ya makali huyafanya mviringo badala ya kuyanyoosha. Mafuta yakishazama ndani ni shida kuyatoa. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, kwa kuwa huchacha na kunata. Tumia matone machache ya mafuta ya kwato za ng'ombe, uyasambaze kwa vidole, uache usiku kucha, kisha ufute yaliyobaki juu. Mara nyingi hata hayo hayahitajiki: sugua ukanda kwa kiganja kisafi mpaka upate joto, urudie kila siku, na mafuta ya mkono wako yatafanya kazi polepole.

"Ukanda usiguswe na maji." Kinachodhuru ni kuuloweka, na maji ya moto ndiyo hatari zaidi maana hukunja ngozi na kuifanya ngumu kama ubao. Weusi ule ni chembe za chuma, mafuta ya kale na dawa ya kung'arishia iliyoganda. Kwangua kwanza ukoko kwa mgongo wa kisu, halafu tumia sabuni ya matandiko ya farasi: povu zito, sponji iliyokamuliwa vizuri. Futa, rudia ikibidi, kisha ulaze ukanda bapa kivulini hadi ukauke. Usiuanike juani wala karibu na jiko. Upande wa pili wa kitani au turubai, kwa kanda zilizo nao, ni mvumilivu zaidi. Sabuni ya kawaida na brashi vinatosha.

"Msasa ni mwiko." Si mwiko, ila uje mwisho, baada ya sabuni kushindwa. Viringisha msasa laini, wa namba 400 hivi, kwenye kipande cha mbao ili usichimbe mabonde, upitishe kidogo tu, kisha ufute vumbi lote. Chembe moja ya msasa ikibaki itakwangua makali.

"Ukanda ukisafika, wembe butu utapona." Hapana. Kinoo ndicho kinachoondoa chuma. Ukanda mtupu hunyoosha makali na kuyang'arisha. Ukitaka ukanda uondoe chuma kidogo, utaupaka dawa ya kung'arishia kama oksidi ya kromiamu (unga wa kijani), lakini chembe zake huzama kwenye ngozi na sabuni haizimalizi. Kwa hiyo ukanda uliowahi kupakwa dawa mimi nauacha uwe wa dawa, na natafuta mwingine kwa kazi ya kila asubuhi.

Kisha kuna wanaoamini kila ukanda unaokoleka. Ukiukunja taratibu ukapasuka hadi ndani, au ukiacha unga mwekundu vidoleni, nyuzi za ngozi zimeshaoza kwa asidi na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Mkato wa kawaida, kinyume chake, hauogopeshi: wa pembeni ulainishe kwa msasa, na ulimi ulioinuka katikati ubandike kwa gundi ya ngozi, ukandamize hadi ukauke, halafu usawazishe.