Jua la Arusha limeshalipa nusu ya bei ya lenzi yako

Hapa Arusha ninapokodisha na kutengeneza kamera, vijana wanaoanza kuongoza watalii na jamaa wanaopanda kutoka Dar likizo ya Desemba huniuliza swali lilelile: "Kaka, lenzi ipi inavuta mwanga zaidi?" Wamesikia kwamba bila lenzi ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi unapita) hujawa mpiga picha, na wengine wako tayari kukopa. Jibu langu huwaudhi kidogo. Kwa safari ya mchana huku kwetu, mwanga si kitu cha kununua.

Hesabu yake ni ya tangu enzi za filamu. Jua likiwaka bila wingu na tundu la lenzi likiwa f/16, kasi ya shata hulingana na namba ya ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga: kwa ISO 100 unapiga kwa 1/100 ya sekunde, au 1/125. Sasa chukua lenzi ya kawaida ya urefu wa milimita 70–300, ile inayofunguka f/5.6 tu ukiivuta mpaka mwisho. Kwa ISO 200 inakupa 1/1600, na swala akiruka anaganda hewani. Lenzi ya f/1.8 ikifunguliwa yote jua hilohilo, kwa ISO 100, inadai karibu 1/8000, wakati kamera nyingi za bei nafuu zinaishia 1/4000. Picha inaungua, au unalazimika kulibana lile tundu ulilolipia, au kuvalisha filta nyeusi. Yaani umelipia dirisha kubwa, kisha unalipia tena pazia.

Hifadhi zetu nazo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo saa za giza hazikuhusu sana. Kinachokupata ni msitu. Ukiwafuata mbega kwenye miti ya Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mwanga unashuka ghafla, na hapo mwenye f/2.8 ana haki ya kutamba. Mbega ana shida ya ziada: mwili mweusi, mkia na mabega meupe. Kamera ikiona weusi mwingi inang'arisha picha nzima na manyoya meupe yanapotea. Punguza mwangaza hatua moja, uzing'arishe sehemu za giza baadaye kwenye kompyuta.

Fedha uliyookoa iweke kwenye urefu wa lenzi na kwenye jicho la kuchungulia, kile kidirisha unachowekea jicho nyuma ya kamera. Tuanze na urefu. Kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), inayodharauliwa kwa chenga zake gizani, juani haina aibu hiyo, na udogo wa sensa unaivuta picha karibu. Lenzi ya 300 kwenye sensa ya APS-C, mojawapo ya hizo ndogo, huona kama 450. Sony RX10 IV, iliyotoka mwaka 2017, ina lenzi moja isiyobanduka inayoona kama 24 hadi 600, na kwa mtu anayezunguka Tarangire ndani ya Land Cruiser naiona bora kuliko mkoba wenye lenzi tatu. Kila unapobadili lenzi kwenye zile barabara, vumbi linaingia kwenye sensa. Likishaingia tumia pampu ya mkono. Ukifuta kwa kitambaa cha miwani utaniletea kazi.

Ila urefu una kikomo ambacho fedha haivunji. Mchana ardhi ikishapata moto, hewa juu yake inacheza, yale mazigazi unayoyaona barabarani. Simba aliye mbali atatoka kama amechorwa kwenye maji, hata kwa lenzi ya mamilioni. Msogelee, au mrudie asubuhi.

Kuhusu jicho la kuchungulia sina mjadala: kamera isiyo nalo usiinunue. Kioo cha nyuma juani hakionekani, na watu huongeza mwangaza wakidhani picha ina giza. Lakini jicho la kielektroniki nalo lilinde. Ukiiacha kamera kwenye kiti na jicho limeelekea jua, kile kilenzi cha nyuma hukusanya miale na kuchoma kioo kidogo cha ndani, na kukibadilisha si kazi rahisi. Geuza kamera, ifunike kanga. Zamani tulishauri mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kusema kweli foronya inafaa zaidi, haihifadhi jasho.

Watu ni somo jingine. Mwezi Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la hapa linapita utosini kabisa, karibu saa sita na nusu. Macho yanakuwa mashimo, na mwenye kofia hana uso. Sogeza mtu kwenye kivuli cha mti, au tumia flashi ndogo. Kumbuka tu kwamba kamera nyingi hazikubali flashi ya kawaida zaidi ya 1/200 au 1/250, kwa hiyo itabidi ubane tundu.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani; ndani ya gari haina pa kusimama. Shona mfuko wa turubai wenye zipu, ujaze mchele ukifika Mto wa Mbu, ambako unalimwa hapohapo, kisha uulaze juu ya ukingo wa paa na uegemeze lenzi. Injini izimwe kwanza.

Wanaoruka kwa ndege ndogo kutoka Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, kwenda Seronera ndani ya Serengeti kwa kawaida wanaruhusiwa kilo 15, begi laini, na hapo ndipo mwenye f/2.8 huanza kuacha viatu. Ule mfuko wa turubai beba mtupu, ukifika kambini omba maharage jikoni, na uyarudishe.